Moto Ukizimika

Alifika Kasubi saa nne, mvua imeanuka,
mama mfupi, kofia ya ukili,
akavua viatu kabla sijamwambia.
Nikasema moyoni: kwao wanajua mlango ni nini.

Kazi yangu ni kuonyesha. Maneno nimeyakariri:
mazingo hamsini na mawili ya dari, koo hamsini na mbili;
wafalme wanne wako nyuma ya pazia la magome,
hatusemi wamekufa, wameingia msituni.
Mfalme akituondoka, Buganda husema: moto umezimika.
Hapo mimi hukwama.
Kwa sababu usiku ule wa Machi moto uliwaka,
na ndipo tulipofiwa.
Nilikuwa na miaka kumi na saba na dumu la njano,
nusu ya maji ilimwagika njiani.

Bibi Tokashiki hakuuliza ulianzaje.
Alitoa simu. Kwao ni visiwa, kusini kabisa mwa Japani,
shanga zilizokatika uzi zikabaki zimepangana majini.
Simba wa udongo juu ya mapaa, huyu kaachama, yule kafumba.
Makaburi yenye mgongo wa kobe, watu wanakula mbele yake
wakicheka na waliomo.
Halafu kasri jekundu.
Halafu kasri hilohilo, alfajiri ya Oktoba,
vigae vikidondoka kama makaa.
Kiingereza chake kifupi, changu kirefu na kibovu;
tukanyamaza kwa lugha moja.

Akatazama nyasi mpya, rangi ya asali.
"Nani huezeka?"
Ukoo wa Ngeye, nikasema, wale ambao mbega ni mwiko wao.
Na ninyi mmefika wapi?
Akainua vidole kama anayepanga vigae, kimoja, kimoja,
akaiacha hesabu hewani.

Kuniaga, alinipa utepe wa kitambaa,
mkavu, mwepesi, unanong'ona ukiukunja:
nyuzi za mgomba, alisema, kazi ya nyanya yake.
Mgomba! Sisi tunakula ndizi, tunakunywa ndizi,
majani yake tunavukia matoke, maganda yake tunafungia mizigo,
lakini kuvaa tumeuachia mti wa mutuba.
Nilicheka mpaka Ssemwogerere wa getini akageuka.

Nyumbani Lubya, mke wangu ameufunga kwenye ufunguo.
Mlango wetu ni wa bati, hakuna anayelipa kuuona.
Ila nikirudi usiku, umeme umekatika,
vidole huutambua kwanza.