Safu ya Tatu

Kamati iliketi Jumanne, baada ya mvua,
chini ya mabati yanayovuja palepale penye kinanda.
Mwinjilisti Mwandawiro akasema: vijana wametutoroka.
Mmoja akataka taa za rangi na moshi madhabahuni,
mwingine mahubiri ya dakika moja, ya simu,
na mzee Nyamweya, aliyehubiri Jeevanjee miaka ishirini
kwa kipaza sauti cha betri sita,
akauliza dakika moja inamtosha nani kutubu.
Tulicheka. Kisha tukagawana vijikaratasi
na fomu yenye safu tatu:
Nyumba. Waliokupokea. Waliookoka.

Mimi nikapewa Pipeline,
ghorofa zilizobanana bega kwa bega
hadi jua linaingia uani kwa kuomba ruhusa.
Zamani nilipiga hodi moja, mlango ukafunguka,
chai ikatengwa, ndipo nikaulizwa nimeleta nini.
Siku hizi kuna geti, na kijana mwenye daftari:
jina, kitambulisho, unaenda kwa nani?
Nikasema, kwa yeyote.
Akasema, hapa hakuna mpangaji anayeitwa Yeyote.

Nikapanda. Hadi ghorofa ya sita, lifti ni magoti.
Kathure akafungua mlango kabla sijabisha.
"Ni wewe wa chipsi?"
Nikasema, mimi ni wa Neno.
Akatazama mikono yangu,
mitupu, ila karatasi yenye mchoro wa moto,
watu vinywa wazi, na swali kwa herufi nyekundu:
UKIFA LEO UTAAMKIA WAPI?

Hakukasirika. Laiti angekasirika;
hasira nimeizoea, nina aya zake.
Alisema: "Mama, kazi yangu ni ya usiku,
Barabara ya Mombasa, kwenye kompyuta.
Watu wa dunia nzima wanatupa humo unyama wao,
visu, kamba, watoto,
nami natazama, nafuta, ili wengine wasione.
Video mia nne kwa zamu.
Huu moto wako umechorwa na mtu ambaye hajauona."

Nilikuwa na jibu. Nina miaka thelathini ya majibu
yamepangwa kabatini kama vikombe vya harusi.
Nikanyoosha mkono nichukue kimoja
nikaona vyote ni vya wageni wasiokuja tena.

Nikamwuliza amelala lini.
"Jumapili. Kidogo. Nikifumba macho zinaanza kucheza zenyewe."
Kisha, bila kuniangalia:
"Unaweza kukaa tu? Usiombe kwa sauti.
Kaa hapo, nisikie kuna mtu."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Chipsi zikaja, nikazipokea, nikazifunika.
Chini mtu aliuza maji kwa dumu,
juu redio ilibishana kuhusu mpira,
naye akalala, mkono mmoja nje ya shuka,
kidole cha shahada kikitikisika,
kikifuta,
kikifuta.

Niliomba. Sijui kwa lugha gani.
Bibi yangu kule Wundanyi alipenda kusimulia
kwamba walioleta Injili walihangaika miaka na miaka
wakitafuta neno la kwetu la kubebea neema;
walilipata siku mmoja wao alipougua homa,
wakasikia wanawake nje wakiulizana
ni nani atakesha.

Jumanne iliyofuata Mwandawiro akapitia fomu yangu.
Nyumba: moja. Waliokupokea: mmoja.
Kalamu yake ikasimama kwenye safu ya tatu.
"Hapa umeandika saa nne, Mama Mghoi.
Saa nne za asubuhi au za usiku?"
Nikasema, si za asubuhi wala si za usiku.
Ni usingizi. Alilala saa nne.

Mzee Nyamweya akavua miwani, akaifuta,
ingawa haikuwa na vumbi.
Mtu wa taa akauliza kama tunaweza kurudi kwenye ajenda.
Tukarudi. Bei ya moshi imepanda.

Kesho naenda tena.
Nimenunua kigoda, kifupi, cha kubebeka ngazini,
na yule kijana wa geti ameandika kwenye daftari lake,
kwa mwandiko wa kuteleza,
anaenda kwa: 6C.
Sababu: anakaa.