Swali la Kumi na Nne

Ulikuja Jumanne, kishikwambi kifuani kama kitoto kichanga,
ukaketi juu ya gunia la pumba,
maana kiti cha wageni kilikuwa na tetea anayeatamia
na tetea wa mayai kumi na moja hafukuzwi.
Swali la kumi na nne ukalisoma polepole,
kama mtu anayemlisha mgonjwa uji:
Kwa maoni yako, katika miaka thelathini, mvua
imeongezeka, imepungua, au haijabadilika?
Chagua moja.

Nikakuomba subira. Ukatazama saa.

Sasa umekwenda, nami nabangua karanga.
Mikono ina kazi, mdomo hauna. Ngoja nikujibu.

Nyuma ya nyumba kuna bani la tumbaku,
halijawashwa moto tangu Sizya afariki.
Ukutani, kwa ndani, aliandika mvua kwa mkaa:
fimbo moja, mvua ya kulowesha shati;
mbili, mvua ya kumwingiza mbuzi jikoni bila aibu.
Hakusoma zaidi ya darasa la tatu. Hakuruka siku.
Mwaka aliozaliwa Shija, fimbo zinaanza Novemba mapema,
zinakwenda kwa foleni hadi Aprili,
na kati ya moja na nyingine unapitisha kiganja.
Baada yake nikaendelea mimi. Za kwangu ziko chini, sifiki juu.

Za msimu uliopita nilizihesabu kwa kidole, mara mbili,
kisha nikamwita Shija, nikidhani macho yananicheza.
Idadi ni ileile, mwanangu. Zimepungua nne tu.
Lakini tazama zilivyokaa!
Desemba zimebanana kama meno ya kitana,
siku tisa mfululizo, mbegu zikafukuliwa
zikateremka hadi bondeni kwa Nkwabi,
ambaye hakuziomba, zikamwotea.
Halafu ukuta mtupu.
Ukuta mtupu siku ishirini na sita,
mahindi yametoa ndevu,
na viwavi wanaingia kama waliopewa funguo.

Hapo nichague lipi?
Mvua haikupungua. Imesahau hodi.
Inaingia bila kubisha, inaondoka bila kuaga,
kama shemeji mwenye deni.

Nkwabi anasema ni makaburi ya watemi, hayajafagiwa.
Bwana shamba anasema nunua mbegu ya muda mfupi,
na bei yake anaitaja akitazama pembeni.
Mimi huliangalia bani.
Kila msimu lilikula mikokoteni minane ya mtundu na myombo,
na nyuki waliokuwa humo walihamia wapi, sikuuliza.
Hilo halikuwamo katika maswali yako. Ningelijibu haraka.

Na kuna jingine, naona haya kulisema: huenda ni mimi.
Zamani nililala uani usiku wa Oktoba, sikulisikia joto.
Lakini nilikuwa na miaka ishirini,
na mtu wa kunipepea.
Ndiyo maana nauamini mkaa kuliko kichwa changu.

Mbegu ya mahindi safari hii nimeigawa mafungu matatu.
La kwanza limo ardhini tayari, vumbini, kwa kubahatisha.
La pili linangoja mvua ya fimbo mbili.
La tatu limo kibuyuni, limechanganywa na majivu,
na kibuyu kilipo hata Shija hajui.

Nilikuona ukigusa "imepungua". Sikukukatalia.
Ulikuwa na nyumba tisa mbele yako,
na wingu lilikuwa likijikusanya upande wa Kaliua.

Lilinyesha jioni ile, ng'ambo ya reli.
Usoke yetu sisi ilifikiwa na harufu.
Nikasimama ndani ya bani, kipande cha mkaa mkononi.
Harufu,
sijui ni fimbo ngapi.