Risiti Zilizoanikwa

Nyamwamba ulipokwisha kunguruma
mawe yalibaki katikati ya soko
kama ng'ombe waliolala bila mchungaji,
na meza yangu ya ushuru
nikaikuta juu ya mgomba, miguu hewani.

Mimi ndiye niliyekuwa nikikata risiti pale.
Elfu moja kwa kibanda, mia tano kwa kikapu,
mvua inyeshe, jua liwake.
Hawakunipenda.
Sikuajiriwa kupendwa.

Siku ya nne akaja Mbambu, muuza chumvi ya Katwe.
Magunia kumi na moja mto umeyanywa
na wala haukukolea.
Mkononi mfuko wa nailoni,
ndani yake miaka tisa ya risiti
zimegandana kama majani ya kabichi.
Akazibandua moja moja kwa ncha ya kucha,
akazianika juu ya jiwe,
kila moja akaikalishia kokoto.

"Saini hii ya nani?"
Yangu.
"Na hii?"
Yangu, ingawa wino umekuwa moshi.
"Basi nionyeshe daraja langu."

Okiring alikuwa amevuka kwa miguu, suruali mabegani,
lori lake la mihogo limekwama ng'ambo siku ya tatu.
Alikuwa akinywa chai. Akaweka kikombe chini.
"Pole, mama. Lakini kodi nalipa na mimi, Soroti.
Nalipa ndani ya kila lita ya dizeli,
nalipa nikimtumia mama yangu hela kwa simu.
Mwaka ule mihogo ilipokauka imesimama
nani wa Kasese alituletea debe la maji?
Nanyi mnajenga mdomoni mwa mto.
Ukitafuna, mnaupa nyumba nyingine.
Kodi yangu ijenge, ibomolewe, ijenge,
mpaka lini?"

Tulinyamaza.
Uongo hakuusema.

Mzee Kule peke yake, akikung'uta tope kwenye redio:
"Baba yangu alijenga mbali na maji, hatua mia mbili.
Mto ndio uliohamia kwetu,
bila hata kuomba kiwanja."

Mbambu hakuinua macho kwenye karatasi zake.
"Debe halikuja, kweli.
Sikujua kama mnakufa kiu, na hilo linaniuma.
Lakini mwenye kibaba alijua.
Haba yangu imo humo, na haba yako imo,
chumvi na mihogo vimeshachanganyika,
nani atachambua punje yake leo?
Nilipolipa sikumwambia huyu aandike:
hela hii isivuke Nile.
Ukame wenu ni deni ambalo halikulipwa.
Sasa mafuriko yangu
yalifute, au yaliongeze?"

"Na zikiliwa njiani, kama zilivyoliwa zetu?"

Hapo akacheka, mara ya kwanza tangu maji.
"Ndiyo maana nakuhitaji.
Lori lako linapita njia nzima."

Okiring hakukubali. Alimaliza chai iliyopoa,
akauliza bei ya chumvi ikipatikana,
akarudi mtoni, suruali mabegani.

Injinia alikuja na futi yake ya utepe.
Alipima upana wa mto mara mbili,
majibu hayakulingana,
akasema ripoti itakwenda Kampala.

Jumatatu nimepewa kitabu kipya, amri ile ile.
Mbambu amepanga vikombe vitatu vya chumvi ya mkopo
juu ya bati lililokunjamana.
Amenipa elfu yake, haikunjuki, bado ina mchanga.
Nimeandika jina. Nimeandika tarehe.
Kwenye mstari wa sababu ya malipo
mkono umesita:
miaka yote nimeandika *soko*,
na soko ni haya mawe.
Ng'ambo honi inalia, fupi, kisha ndefu.

Nimeandika *daraja*.
Sina mamlaka hayo.
Nimetia saini.