Mikunjo Sita

Dukani kwa Melnychuk palikuwa na mitambo miwili:
mmoja mwekundu, wa kuzunguka, kila ukivuta mkono ganda linadondoka;
mwingine wa kijivu, mkongwe, hatua moja moja.
Nikachukua mwekundu. Nani asingechukua?

Januari, Saskachewani. Karakana ina baridi
inayong'ata hata koleo.
Fataki, baruti, kizibo, marisau,
kisha kinywa kinakunjwa, na katikati
kinabaki kitundu, jicho la kuku anayesinzia.

Sikujali, hadi niliposikia mfukoni
marisau yakinong'ona,
yakamwagika mezani, kwenye unga wa Halyna.
Unga wote ukatupwa. Hakusema neno.
Ningependa angesema.

Nikakaza skrubu. Nikalegeza. Nikajaribu kizibo kirefu,
kifupi. Vinywa vikajikunyata,
vingine vikadidimia kama shavu la kibogoyo.

Shangazi Paraska, miaka themanini na mitatu,
alikuja kuazima msumeno. Akaokota ganda tupu,
akaligeuza kwenye taa.
"Hesabu mikunjo."
Sita.
"Na mtambo wako unakunja mingapi?"

Minane.

Samaki hukunjwa angali mbichi.
Ganda hili lilikunjwa kiwandani, likakauka na umbo lake,
nami usiku kucha nalilazimisha lisahau.

Nilibadili kikunjio. Kitundu kikafumba.
Shangazi akaenda na msumeno; hajaurudisha.

Ule mtambo wa kijivu bado uko dukani.
Jumamosi hupita pale,
kuuangalia tu.