Kabureta Mbili

Niliinunua Ngomeni, kwenye banda la mashine,
kuku wakitaga kiti cha nyuma,
kwa bei ya mbuzi wawili na redio.
Datsun, SSS, ya mwaka sabini na nane.
Nyaraka hazipo. Boneti ipo, imekunjwa kona
kama ukurasa ambao mtu aliahidi kuurudia.

Mji huu ni wa baiskeli, Mwanamvua akaniambia,
na wewe unaniletea kutu ya watu
uiweke pale ninapoanika nguo za wateja?
Nikasema: miezi mitatu.
Huu ni mwaka wa nne.

Chumvi ya Tanga haina haraka.
Hula bati kidogo kidogo, kama mgeni mwenye adabu.
Nilipokwangua sakafu ya dereva
bisibisi ilizama hadi mpini,
nikaona mchanga wa uani kwangu
na siafu mmoja akipita, hana habari.

Mhina wa kuchomelea akakata viraka
kutoka pipa la mafuta ya kula.
Ukilala chini ya gari leo utasoma,
kichwa chini miguu juu, "weka mbali na jua."
Rangi tulizikuta nne: nyeupe,
bluu ya shirika, kijani, halafu
nyuma ya dashibodi, ambako msasa haufiki,
chungwa, chungwa la Muheza la mwezi wa sita,
limeiva, halijaguswa.
Hiyo hiyo, nikamwambia Mhina. Hiyo hiyo.

Wapo wanaosema iache ilivyozaliwa.
Wapo, kama kijana wa Kiluwa, wanaosema
tupa injini, weka ya Altezza, mzee, upae.
Mimi sikusikia upande wowote,
na hilo si fumbo:
miaka ishirini na sita nilisimama kwenye korona,
korona ya mkonge, si ile ya barakoa,
na kila jani lililopita liliondoka na sauti moja.
Kwanza walikwenda chiriku. Kisha adhana ya mbali.
Kisha mwisho wa maneno ya mke wangu,
zile silabi ndogo ambamo hasira bado haijawa hasira.

Basi injini nikaibakiza, ila sikuiacha salama.
Silinda zilipanuliwa kwa mchonga vyuma wa Gofu,
pistoni zikaja na basi la Mombasa, zimefungwa kwa kanga,
na kabureta mbili, pacha, vichwa kama birika za kahawa.

Hapo ndipo nilipokwama.
Kabureta pacha sharti zivute pumzi sawa.
Moja ikizidi, gari hukohoa, hunywa, hutetemeka.
Fundi hushika kipande cha mpira,
ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta,
asikilize mluzi, azungushe skrubu, ahamie ya pili.
Wiki tatu niliweka mpira sikioni
nikasikia kichwa changu tu.

Mwanamvua aliacha cherehani.
Hakusema neno, au alilisema.
Akachukua mpira, akainama,
sindano mbili bado zimechomekwa kwenye kola,
akasikiliza kama asikilizavyo uzi unaokaribia kukatika.
"Huyu anapumua," akanyoosha kidole. "Huyu anabana."
Robo. Nusu ya robo. Rudi.
Nilizungusha nikitazama uso wake,
sina geji nyingine.
Umeme ukakatika, tukaendelea kwa taa ya simu,
na zilipolingana alifumba macho,
nami nikaweka kiganja kwenye bati la chungwa
nikahisi injini ikitulia, kama paka aliyekubali.

Ijumaa, kabla malori ya saruji hayajaamka Pongwe,
tuliitoa. Gia ya tatu, ya nne,
mkonge ukikunjuka pande mbili, safu kwa safu,
mshale ukapita mia na ishirini.
Alicheka, nilimwona akicheka.
Nikauliza: ikoje?
Akasogea, akaweka mdomo kwenye sikio langu la kushoto,
lile lililobaki na kitu,
akaniigizia injini nzima
mpaka Muheza.