Kiti cha Zamu

Saa kumi na mbili alfajiri, Chumbageni.
Ufunguo uko kwenye msumari wake
na Shekiondo keshaondoka na baiskeli.
Mwaka wa tatu sasa twaendesha gari moja la wagonjwa,
yeye usiku, mimi mchana,
na hatujapata kuketi pamoja hata kwa kikombe cha kahawa.
Namjua kwa kiti.

Kiti kimerudi nyuma hadi mwisho wa reli:
mtu wa miguu mirefu.
Egemeo limelala: mgongo wamsumbua, hasemi.
Kioo cha kati chanionyesha dari
na ncha ya machela, basi.
Usukani wanukia tangawizi.

Mimi, Zawena binti Mhina, ni futi tano kasoro.
Nikikaa alipokaa yeye
klachi naigusa kwa ncha ya kiatu,
kama apimaye joto la maji ya kuogea.

Kwa hiyo naanza. Breki ya mkono juu. Gia huru.
Mkono chini ya kiti, naupapasa wenzo,
nauinua, najivuta, tak, tak, tak,
mpaka klachi izame yote na goti libaki limekunjika.
Kisha natikisa kiuno mbele na nyuma
kama mteja anayejaribu kitanda dukani,
nisikie kama meno yameng'ata.
Egemeo nalisimamisha. Nanyoosha mkono,
kiwiko kilegee, bega lisibanduke.
Vioo baadaye. Ukitengeneza kioo kabla ya kiti
umemtengenezea mtu mwingine.
Mkanda upite begani, si shingoni.

Sista Devota hugonga bodi kwa pete:
"Zawena, unajipamba?"
Simjibu. Najipamba.

Zamani sikuwa hivi.
Asubuhi moja ya masika simu ilitoka Pongwe:
mama yuko kwenye uchungu, mtoto katanguliza mguu.
Nikarukia ndani, nikawasha, nikaondoka,
nimekaa kwenye kiti cha Shekiondo
kama mtoto kwa kinyozi.
Nilipoipita Kange nikasema, aa, nitakivuta huku naenda.
Jicho barabarani, mkono chini.
Kiti kikaja. Wenzo nikauachia.
Nikadhani kimeng'ata.

Mbele yangu lori la mkonge likawasha taa nyekundu.
Nilipoikanyaga breki,
breki ikanisukuma mimi.
Nikateleza nyuma na kiti changu,
mguu juu, hewani,
na gari linakwenda, linakwenda,
halina habari na mtu.

Breki ya mkono ndiyo iliyonisitiri.
Tulisimama kioo kikiwa kimeguswa na nyuzi za mkonge,
nyeupe, laini, kama ndevu za mtu anayetaka kunong'ona.
Dakika kumi na moja mikono ilikataa kutulia.
Nusu dakika niliyoiiba Chumbageni
nililipa kumi na moja, na riba yake
aliilipa mwanamke nisiyemjua, mkekani, Pongwe.
Walipona wote wawili. Sijisifu kwa hilo.

Tangu hapo, kila jioni kabla ya kutundika ufunguo,
nilimrudishia Shekiondo kiti chake:
nyuma hadi mwisho, egemeo lilale,
kioo kiangalie juu.
Niliona ni adabu. Niliona pia ni toba.
Wiki ya pili nikakuta karatasi kwenye kikinga jua,
mwandiko wa mtu aliyeandikia gotini:

*Dada, ahsante. Ila usinirudishie.
Nikikikuta sawa leo na kesho,
keshokutwa sitakagua.
Niachie vibaya.*

Nimeihifadhi pamoja na leseni.

Jioni hii magharibi inakaribia, nazima injini.
Kiti kiko mbele kabisa, egemeo wima kama mwalimu,
kioo kimeshuka, mkanda umeshuka,
asumini yangu imebaki kwenye kitambaa.
Naacha kila kitu hivyo hivyo.
Usiku Shekiondo atafungua mlango, ataingia bila kuangalia,
magoti yatagonga usukani,
atatamka neno ambalo Sista asingelipenda,
kisha atainama gizani
autafute wenzo.