Kisanduku cha Tabia

Februari, Marquette. Theluji imefika usawa wa dirisha
na mimi nina faili arobaini na moja kabla ya Ijumaa.

Alama za darasani zina safu yake.
Mtihani wa taifa una safu yake.
Hizo hazinisumbui: tarakimu, hata ukiziangusha sakafuni,
utaziokota jinsi zilivyo.
Ila chini kabisa, upande wa kulia, kuna kisanduku
kidogo kama stempu ya posta: TABIA.
Moja mpaka tano. Tumia penseli.

Nani alinipa ratili ya kupimia moyo
wa mtoto wa miaka kumi na saba
ambaye sijamwona akila, akikasirika,
akimngoja nduguye afunge viatu?

Faili la kumi na tisa, Sutton Hargreave.
Hesabu, kemia, Kilatini: yote yamemtii.
Insha yake inahusu huruma,
na kila sentensi imepigwa pasi.
Nikataka kucheka, nikajizuia.
Mtu hawezi kuwa na huruma
na pia wazazi wa kumlipa mpiga pasi?
Nne.

La ishirini: nyumba iliungua, mama hakutoka. Tano.
La ishirini na tatu: saratani. Tano.
Mkono ukawa mwepesi, ukazoea.
Kumbe tumewafundisha watoto kutandaza vidonda sokoni,
na mnunuzi ni mimi, nabonyezabonyeza
kama achaguaye nyanya.

La ishirini na saba, Wendell Kangas, wa Ishpeming.
B, B, C ya fizikia, A moja tu, ya uchomeleaji.
Mtihani: katikati ya kundi, chini kidogo.
Insha, aya moja:

*Kwetu theluji huanguka sana. Nina mashine ya kuiondoa,
niliifufua mwenyewe, kabureta ilikuwa imekufa.
Nyumba ni tisa. Naanza saa kumi na moja alfajiri
ili watu wawahi kazini. Bibi Pelkey hapendi kelele,
kwake natumia koleo.
Ningependa kujua kwa nini injini hushindwa na baridi.
Asanteni kwa kusoma.*

Nilimpa mbili.
Ndiyo, mbili. Hakusema amejifunza nini.
Hakulia popote.
Nikaenda kutafuta kahawa.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza;
lakini humu ofisini vyote vinajitembeza,
na kisichojitembeza
hurudishiwa barua nyembamba.

Ni koleo lililonirudisha, kikombe mkononi.
Giza, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
na kijana mlangoni pa kikongwe
anazima injini, anashika mpini.
Hakuita kitu hicho huruma.
Hakujua kuwa kina kisanduku.

Nikaifuta ile mbili.
Halafu nikakaa na penseli hewani.
Tano? Nikiutuza ukimya leo,
mwakani washauri wa Winnetka
watawafundisha watoto kunyamaza, kwa ada ya saa.
Tatu? Tatu ni namba ya mwoga.
Nikapuliza vumbi la kifutio,
nikaacha peupe.

Ijumaa, kamati. Nafasi sita zimebaki.
Lorraine akapekua: "Ishirini na saba, tabia mbona tupu?"
Sikuwa na hotuba. Nikaisoma insha kwa sauti;
haikumaliza dakika.
Mtu akakohoa. Mtu akasema, "Lakini C, ya fizikia,
naye anataka uhandisi."
Neno hilo lilikuwa la haki, nami sikulijibu.

Gordon, ambaye kwa miaka kumi na miwili
hajawahi kutetea chochote kisicho na nukta ya desimali,
akavua miwani, akaifuta kwa tai.
"Hiyo fizikia," akauliza, "ni kipindi cha ngapi?"

Tukaitafuta ratiba.
Cha kwanza. Saa moja na nusu asubuhi.

Nje, theluji ilikuwa imeanza tena.